Out of the Park Baseball: nimerudia besiboli ya 1871 mpaka 1899 nikiwa Kondele, Kisumu, haya ndio maoni yangu

Wacha nianze na jibu ndio mwenye haraka asimalize bando bure. Kama unapenda michezo na unapenda historia, na wewe ni wale watu hukaa wakajiuliza ingekuwaje kama mwenye timu hangeuza wachezaji wake, nunua hii gemu, ata toleo la zamani nunua, utanishukuru. Kama unachotaka ni kushika padi, kubonyeza na kuona mtu akikimbia kwa skrini, haitakufaa na sitaki mtu atoe pesa yake alafu akasirike.

Out of the Park Baseball, watu huiita OOTP, ni gemu ya kompyuta ya kusimamia timu ya besiboli. Ilianzishwa na Mjerumani anaitwa Markus Heinsohn, toleo la kwanza likatoka 1999, na tangu hapo wamekuwa wakitoa jipya karibu kila mwaka. Wewe ndio meneja. Unapanga nani anaanza, nani anarusha, nani ataletwa kutoka wapi, alafu mechi inakuja kwa maandishi, mpira baada ya mpira, ama unaruka siku, wiki, msimu mzima kama huna muda. Kuna picha za uwanja pia lakini mimi nimezizima, laptopu yangu si ya nguvu na ukweli ni kwamba maandishi yananitosha.

Kitu kimenishika ni hiki: unaweza kuanza mwaka wowote kutoka 1871, ule mwaka ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa ilianza Marekani, na wachezaji wenyewe wa wakati huo wako ndani na nambari zao. Hizo nambari zinatoka kwa kazi ya watu kama Sean Lahman, mwandishi wa habari aliyekusanya takwimu za besiboli kutoka 1871 akaziweka mtandaoni bure, mtu yeyote achukue. Sasa nambari ni nambari, lakini nyuma ya kila moja kuna sababu, sheria ya mwaka huo, ubahili wa mwenye timu, moto, ubaguzi, mkono uliochoka, na utamu wote wa hii gemu kwangu ni kwamba inakuruhusu utoe sababu moja hapo katikati uone nini kinabaki.

Kwa asiyejua besiboli, kumbuka raunda tulizokuwa tunacheza shule ya msingi, ule mchezo wa kupiga mpira na kijiti alafu unakimbia nguzo kwa nguzo huku wenzako wanapiga kelele. Ni ukoo mmoja kabisa. Kuna beizi nne, mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, ukizunguka zote ukarudi nyumbani hiyo ni rani moja. Ukikosa mpira mzuri hiyo ni straiki, straiki tatu umetoka, watu watatu wakitoka mnabadilishana, timu zote mbili zikishapiga hiyo ni iningi moja na mechi ni iningi tisa. Ukijua hayo unaweza kucheza, yale mengine utayaokota njiani.

Watu wengi wakinunua hii gemu wanaenda moja kwa moja kwa timu za siku hizi na hapo kila timu iko na mechi 162 kwa msimu. Manze ni nyingi. 1871 timu zilicheza kama mechi 30 tu, msimu unaweza kuuanza baada ya chakula cha jioni na ukaumaliza kabla ya kulala, na kwa mtu anaishi mahali stima inaweza kuenda saa yoyote hiyo si jambo dogo. Ligi yenyewe timu ilikuwa inalipa dola 10 tu kuingia. Mechi ya kwanza kabisa ilichezwa tarehe 4 Mei 1871, Fort Wayne Kekiongas wakawapiga Cleveland Forest Citys 2-0, mrushaji akiwa kijana anaitwa Bobby Mathews. Fort Wayne wakati huo ulikuwa mji mdogo wa Indiana, na kabla msimu uishe timu ilikuwa imevunjika. Sisi tumefuata ligi za chini huku magharibi tunaelewa vizuri sana timu inaweza kukosa nauli ya basi katikati ya msimu, kwa hivyo nilivyosoma hiyo nikawachukua Kekiongas siku hiyo hiyo.

Lakini timu ya kuchukua 1871 ni Chicago White Stockings. Walikuwa wanapigania ubingwa na Philadelphia Athletics na Boston Red Stockings, alafu Oktoba ule moto mkubwa wa Chicago ukapita, ukaua watu karibu 300, watu kama 100,000 wakakosa nyumba, na uwanja wa timu ukaungua pamoja na jezi. Wakamalizia msimu ugenini wakiwa wamevaa jezi za kuomba. Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Oktoba huko Brooklyn dhidi ya Athletics, wakapigwa 4-1, ubingwa ukaenda Philadelphia. Miaka miwili iliyofuata Chicago hawakuwa na timu kwa ligi, walirudi 1874. Gemu haina moto. Hapo unacheza mechi za mwisho nyumbani na watu wako wote na jezi zako, na kuna msimu nimeucheza Chicago wakamaliza juu ya Athletics kwa mechi mbili, nikakaa nikiangalia hiyo jedwali muda mrefu sana juu watu wa ukweli hawakupata kuiona.

Sasa kuhusu kuiseti, hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio mtu anaipenda ama anaiacha. Wakati unaunda ligi ya kihistoria inakuuliza maswali mengi na mawili ndio ya maana. La kwanza ni vile wachezaji watakua: kila mwaka gemu ipige hesabu upya kwa kufuata nambari zao za ukweli, ama iwaache wakue na kuzeeka kivyao. La pili ni kama uhamisho ufuate vile ulivyotokea ama usahau. Ukichagua kufuata ukweli kwa yote mawili unapata kitu karibu sana na historia, nzuri kwa mtu anataka kujifunza majina. Ukiachilia yote mawili baada ya miaka kumi hutambui ligi. Mimi napenda katikati, uhamisho wa ukweli nauzima, hesabu upya naiacha kwa miaka ya kwanza.

Na ujue kila chaguo lina bei yake. Chukua Ross Barnes. 1876, mwaka wa kwanza wa National League, ligi kubwa ya Marekani, huyu jamaa wa Chicago alipiga wastani wa .429, yaani kwa kila nafasi 1,000 za kupiga ni kama amefaulu 429. Alikuwa na ujanja fulani, anaugusa mpira unadunda ndani ya uwanja kwanza alafu unakimbilia nje ya mstari, na sheria ya wakati huo ilisema ukidunda ndani kwanza ni halali. Mdakaji anaukimbiza huko nje mpaka karibu na mashabiki na Barnes tayari yuko kwa beizi. 1877 wakabadilisha sheria. Mwaka huo huo akawa mgonjwa pia, wastani ukaanguka mpaka .272 na hakuwahi kurudi kuwa yule. Sasa gemu haijui habari ya sheria, inajua .429 na inajua .272. Ukiiacha ifuate nambari utamuona anakufa ghafla bila sababu, na ukiiacha akue kivyake anaendelea kutesa watu mpaka 1880 na kitu. Yote mawili si ukweli kamili, lakini yote mawili yanakufundisha, na mimi nikicheza 1877 humshusha mwenyewe kwa mkono nusu nusu, juu kuna ile njia ya kuwa kamishna wa ligi inayokuruhusu kubadilisha chochote.

Jambo lingine la kuzoea ni makosa. Ukitoka kwa besiboli ya leo ukaingia 1871 utadhani gemu imeharibika, timu moja inapata rani 10 kwa mechi na hiyo ni kawaida kabisa. Watu walikuwa wanadaka bila glavu! Mpira mgumu, mikono mitupu, na zaidi ya nusu ya rani za mwaka huo zilitoka kwa makosa ya kudaka. Levi Meyerle wa Athletics alipiga .492 msimu huo. Mrushaji naye alikuwa anarusha kutoka chini, mkono hauruhusiwi kupanda, umbali ni futi 45 tu yaani karibu mita 14, na mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza mpira uje juu ama chini. Umbali ukaenda futi 50 mwaka wa 1881, 1884 National League wakaruhusu kurusha kutoka juu, 1893 ndio wakasukuma mpaka futi 60 na inchi 6, ule uko mpaka leo. Hizo sheria zenyewe utazisoma kwingine, gemu inakupa matokeo yake, inajua mwaka fulani rani zilikuwa nyingi na mwaka fulani chache na inapanga mechi zifanane na mwaka huo. Kwangu inatosha lakini mtu akitaka kuona sheria zikichezwa moja moja, ajue hivyo.

1884 ndio msimu wangu. Nikiulizwa nibaki na mmoja tu nabaki na huo.

Providence Grays walikuwa na warushaji wawili wakali, Charlie Sweeney na Charles Radbourn waliyekuwa wanamuita Old Hoss. Walikuwa hawapendani. Juni Sweeney akatoa watu 19 kwa straiki katika mechi moja na watu wa Boston. Julai Radbourn akasimamishwa na timu, alafu baada ya siku chache Sweeney akagoma katikati ya mechi, akatoka uwanjani na kwenda zake, wenzake wakamalizia watu wanane badala ya tisa na wakashindwa. Timu ikafikiria kuvunjika. Meneja Frank Bancroft akarudi kwa Radbourn, wakaelewana pesa zaidi na uhuru wa kuondoka msimu ukiisha, na Radbourn akasema atarusha yeye. Akarusha kweli. Alianza mechi 73 na akazimaliza zote 73, iningi 678 na ushee, akatoa watu 441 kwa straiki, rani za halali alizoruhusu ni 1.38 kwa kila iningi tisa, ushindi 59 kwa hesabu moja na 60 kwa hesabu nyingine. Providence wakamaliza 84-28, yaani ushindi 84 na kushindwa 28. Alafu Oktoba wakacheza na mabingwa wa ligi kubwa ile ingine, American Association, timu ya New York Metropolitans, mechi tatu siku tatu mfululizo, na mrushaji wa zote tatu ni yeye, na wakashinda zote.

Nilikuwa nacheza huo msimu kwa kibanda cha jirani yangu, fundi wa simu hapa Kondele, mtu wa Gor Mahia wa kufa na kupona, yeye huniachia soketi kwake na mimi humfanyia kazi ndogo ndogo za kompyuta. Besiboli haijui hata kidogo. Akawa anaangalia juu ya bega langu huku ameshika simu ya mtu imefunguliwa.

"Omera, huyu Radbourn ni nani? Mbona kila siku ni yeye?"

"Ndio mrushaji wao."

"Hawana benchi?"

"Walikuwa na mwingine, ametoroka Julai."

Akanyamaza, akaendelea kufungua skrubu, baada ya mechi kadhaa akarudi tena. "Sasa huyu kocha anataka kuua mtu. Mpumzishe, bwana."

Na hapo ndio uone uzuri wa hii kitu, juu gemu inakuonyesha uchovu wake, ile alama yake inashuka mechi kwa mechi na wewe ndio unaamua. Nikampumzisha. Nikaweka kijana mwingine, tukapigwa, nikaweka tena, tukapigwa tena, Boston wakakaribia kwa jedwali, na kufikia mwisho wa Agosti fundi mwenyewe aliyesema mpumzishe ndio anasema mrudishe huyo mzee. Huo uamuzi wa Bancroft mtu akiusoma kwa kitabu anaona ni ukatili tu, lakini ukikaa kwa kiti chake na Boston wako nyuma yako mechi mbili unaelewa vile ulitokea, na bado unaona ni ukatili. Sijapata gemu ingine imenifanyia hivyo.

Onyo moja kuhusu hapa. Hakikisha mipangilio ya uchovu na idadi ya warushaji imewekwa ya enzi hiyo na sio ya leo, ukiweka ya leo gemu itakupangia warushaji watano wa kupokezana na Radbourn atarusha iningi 200 kama mtu wa kawaida, na hapo 1884 imekufa.

Mwaka huo huo wa 1884 kuna mtu mwingine, na huyu mimi siwezi kuandika juu ya hii gemu nimruke. Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa Toledo kwenye American Association, yule hukaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara ya mpira wa kurusha. Mtu mweusi, akicheza ligi kubwa miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, yule mtu mweusi aliyefungua tena ligi kubwa 1947. Alicheza mechi 42, akapiga .263, ndugu yake Weldy akacheza mechi chache pia timu hiyo hiyo, na baada ya msimu huo hakuna tena. 1887 ligi ndogo ya International League ikapiga kura isichukue mikataba mipya ya wachezaji weusi, na mwaka huo huo Cap Anson wa Chicago, nyota mkubwa kabisa, akawa amekataa timu yake icheze na Newark kama George Stovey, mrushaji wao mweusi, atarusha. Mlango ukafungwa, na kwa ligi kubwa hakuna sheria iliyoandikwa, walikubaliana tu kimya kimya.

Sasa weka hii kwa gemu. Mrushaji wa Toledo alikuwa Tony Mullane, na baadaye maishani alikiri mwenyewe kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuwahi kufanya naye kazi, lakini juu hakutaka kuelekezwa na mtu mweusi alikuwa anarusha chochote anachotaka bila kuangalia ishara zake. Fikiria unadaka bila glavu ya maana na hujui mpira gani unakuja! Kila mpira uliompita Walker umeandikwa kwa jina la Walker. Miaka zaidi ya 100 baadaye nambari hizo zinaingia kwa hifadhi data, gemu inazisoma, inasema huyu mdakaji ni wa wastani. Hapo nambari imebeba dhuluma na haisemi. Kwa hivyo mimi kwa ligi yangu naingia kama kamishna, naongeza uwezo wake wa kudaka, nazima ile hesabu ya kumuondoa mwisho wa 1884, namwacha acheze mpaka mwili wake uchoke kama wengine. Toledo yangu hawakuwahi kuwa mabingwa, lakini Walker amedaka mpaka 1890, na ukurasa wake una miaka saba imepangwa chini kwa chini. Mtu anaweza kusema nimeharibu historia. Mimi naona historia ndio iliharibiwa kwanza.

Frank Grant ni ngumu zaidi, huyu naye mchezaji mweusi alitamba Buffalo kwenye hiyo International League kati ya 1886 na 1888, na leo yuko kwenye Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, pamoja na Bud Fowler, mweusi mwenzake wa enzi hiyo, lakini kwa sababu hawakuruhusiwa kwa ligi kubwa hawako kwa nambari za ligi kubwa za miaka hiyo. Unamuunda wewe mwenyewe kutoka sufuri. Inawezekana, nimefanya, inachukua muda na unafanya kwa kukadiria.

1894 naipitia haraka, ni msimu wa kufurahia tu. Mrushaji amesukumwa nyuma mwaka mmoja uliopita na bado hajazoea, wapigaji wanakula. Hugh Duffy wa Boston alipiga .440. Philadelphia walikuwa na watu wanne wa uwanja wa nje wote juu ya .400, Delahanty, Hamilton, Thompson na Turner, na Billy Hamilton akapata rani 198, na pamoja na hayo yote timu ikamaliza ya nne! Baltimore ya Ned Hanlon ndio walichukua ubingwa. Ukitaka kuonyesha mtu hii gemu mara ya kwanza mwanzishie hapo, rani zinamwagika na hachoki.

Alafu tuje 1899. Cleveland Spiders. Hii ndio sababu watu wengi hutafuta besiboli ya karne ya 19 na mimi pia ndio ilinileta.

Ndugu wawili wanaitwa Robison walikuwa wanamiliki Cleveland. Timu nzuri, 1898 walimaliza ya tano na 81-68. Kabla ya 1899 wakanunua na timu ya St. Louis pia, ambayo mwaka uliopita ilikuwa ya mwisho kabisa na 39-111, na sheria ya wakati huo haikuwazuia kumiliki zote mbili. St. Louis kulikuwa na mashabiki wengi, kwa hivyo wakawahamisha huko wazuri wote, Cy Young, Jesse Burkett, Bobby Wallace na wengine, na Cleveland wakaachiwa makapi. Matokeo ni 20-134. Timu mbovu kabisa ligi kubwa imewahi kuona. Msimu mzima mashabiki waliolipa kuingia uwanja wao wa nyumbani walikuwa 6,088 tu, kukawa hakuna faida timu zingine kusafiri mpaka Cleveland, hivyo wakapelekwa kucheza ugenini karibu mwaka mzima, mechi 112 ugenini na wakashinda 11. Wakapoteza mechi 24 mfululizo. Mrushaji Jim Hughey alimaliza na 4-30. Mechi ya mwisho wakamruhusu kijana aliyekuwa anauza sigara kwa hoteli arushe. Na St. Louis pamoja na nyota wote hao walimaliza ya tano. Ya tano! Pale pale Cleveland walikuwa mwaka uliopita bila kuharibu mji wa mtu.

Mtu yeyote amewahi kuona timu ya mtaani kwao ikinyonywa na wenye timu anajua hasira ya hii. Kwa gemu unaanza Machi 1899, unaingia kama kamishna, unawachukua wote unawarudisha Cleveland mmoja mmoja. Cy Young. Burkett. Wallace. Nilikuwa naifanya pole pole juu kila jina nililihamisha kwa mkono na kuna raha fulani ya kuona ukurasa wa Spiders unajaa tena. Alafu nikaacha msimu uende. Wakamaliza ya nne, mara nyingine ya sita, hawawi mabingwa juu Brooklyn ya mwaka huo ni moto, Brooklyn nao walikuwa wamefanya ule ule mchezo na Baltimore na wakamaliza 101-47 kwa ukweli. Lakini Spiders wanakuwa timu. Wanashinda nyumbani, uwanja unajaa. Na St. Louis wanashuka walikostahili.

Kitu nilichojifunza hapo ni kwamba hiyo 20-134 watu huicheka kama timu ya vichekesho haikuwa na uhusiano wowote na Cleveland kama mji wala wachezaji waliobaki. Wale waliobaki walikuwa watu wa ligi ndogo wametupwa kwa moto. Rudisha majina matatu manne na shida inakwisha. Baada ya msimu huo ligi ilipunguzwa kutoka timu 12 mpaka 8 na Cleveland ikawa kati ya zilizofutwa, kwa hivyo kwa gemu yangu nimezima pia hiyo ya kupunguza, ligi inaendelea na 12 na Spiders wako hai mpaka karne mpya.

Tuongee pesa sasa. Toleo jipya likitoka huwa karibu dola 40, hiyo ni kama elfu tano na kitu za kwetu. Usinunue hilo. Kwa karne ya 19 toleo la miaka miwili mitatu nyuma linafanya kazi ile ile, Radbourn hajabadilika, na hayo ya zamani Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, huyashusha bei sana wakati wa ofa. Kulipa nilitumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa, unaifungua kwa simu, ikakubali bila maneno. Kushusha ni gigabaiti kadhaa kwa hivyo tafuta waifai ya mtu, usitumie bando ya simu, utalia. Ikishaingia unaweza kucheza bila intaneti kabisa, isipokuwa ile sehemu ya kukusanya kadi na kushindana na watu, hiyo inataka mtandao na kwa mambo ya kihistoria haina haja.

Laptopu yangu ni ya mtumba na inaendesha vizuri nikizima picha. Weka iseivu yenyewe mara kwa mara, huku kwetu stima haikuagi. Kurasa zimejaa nambari kweli kweli, siku za kwanza macho yanachoka, na kama mtu hajui Kiingereza vizuri atapata shida juu maelezo ni mengi na marefu. Anza kwa kuangalia kurasa tatu tu, jedwali, kikosi, na ripoti ya mechi. Zingine zitakuja zenyewe.

Kwa asiye na laptopu kuna njia ya zamani ya kadi na dais, APBA ya 1951 na Strat-O-Matic ya Hal Richman iliyotoka 1961, hizo ndio wazazi wa gemu za aina hii na hazihitaji stima. Shida ni kusafirisha boksi mpaka Kisumu, nauli inaweza kupita bei ya gemu. Mpwa wangu hapa nimemtengenezea yetu na dais za ludo na jedwali nimechora kwa daftari, Radbourn na watu wanane nyuma yake, na anaipenda sana.

Alama zangu ni nane na nusu kwa kumi kwa mtu wa historia, na tano kwa mtu anayetaka tu kupumzisha akili jioni. Saa hii niko 1890, ule mwaka wachezaji wakiongozwa na John Montgomery Ward waligomea wenye timu wakaanzisha ligi yao wenyewe, zikawa ligi tatu kubwa kwa wakati mmoja, na ile ya wachezaji ikakufa baada ya msimu mmoja juu wafadhili wao waliwageuka. Nataka kuiacha iishi nione wachezaji wakijiendesha inafika wapi. Mtu ameshaiseti ligi zote tatu na pesa za tiketi zikakaa sawa aniandikie hapo chini, bado napambana na hiyo.